Mfumo unaotafuta kimyakimya

Saa nne usiku kijana mmoja ninayemsaidia kujifunza lugha ya programu ya C++ alinitumia picha ya skrini yake. Katikati ya maandishi mengi kulikuwa na mstari huu: Could NOT find ZLIB. Chini ya picha akaandika, "Shikamoo kaka. Hii kitu nimeiweka tangu jana, mbona inasema haipo?"

Ushahidi alikuwa nao. Alikuwa ameiuliza Ubuntu, aina ya Linux anayoitumia, kwa amri ya dpkg -l zlib1g, na Ubuntu ikamjibu kwamba kifurushi hicho kipo. Hata asingekiweka kingekuwepo, maana dpkg yenyewe, chombo kinachosakinisha vifurushi vyote vya Ubuntu na Debian, inaitegemea zlib, maktaba ya kubana data, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao programu nyingine huuazima. Basi hapakuwa na mwongo kati yao. Maktaba ilikuwepo, na CMake, mfumo unaoandaa ujenzi wa programu na kuitafutia maktaba zake, ilikuwa haijaiona.

Ukichungulia /usr/lib/x86_64-linux-gnu utaikuta: libz.so.1. Hilo ndilo faili ambalo programu iliyokwisha kujengwa hulihitaji ili ikimbie. Anayejenga programu mpya anahitaji vitu viwili zaidi. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inataka zlib.h, faili la heda linaloeleza maktaba ina kazi gani na zinaitwaje. Linka, inayounganisha programu na maktaba zake, nayo inataka faili linaloitwa libz.so tu, bila ile namba ya mwisho. Vyote viwili vinakuja ndani ya kifurushi kingine, zlib1g-dev. Debian walitenganisha mambo haya makusudi: anayekula chapati hahitaji kibao cha kusukumia, anayezipika ndiye anayekihitaji. Ni mpangilio wa busara, lakini ujumbe wa kosa haukumwambia kijana wangu waziwazi kwamba kinachokosekana ni kibao. Ulimwambia chapati hakuna, naye anaziona mezani.

Halafu kuna majina. Ukiwa Debian unaomba zlib1g-dev, ukiwa Fedora, Linux nyingine, unaomba zlib-devel. Ukimuuliza pkg-config, chombo nitakachokieleza mbele, unamtajia zlib. CMake inataka ZLIB kwa herufi kubwa. Linka inaiita z peke yake, ndiyo maana unaandika -lz. Mtu mmoja, nyumbani ana jina, kazini ana jina, na mtaani ni Mama Fulani. Na hili neno kifurushi lenyewe, ukilitamka kijiweni, watu watadhani unazungumzia dakika na MB.

Nimekaa na mifumo hii ya kujenga programu miaka mingi, na sina ugomvi na uwezo wake wa kutafuta. Inatafuta kuliko binadamu. Ninachoilalamikia ni tabia zake tatu: inatafuta bila kusema inatafuta wapi, inaridhika na cha kwanza ilichokutana nacho, na ikikosa, mara nyingi inaendelea na safari kama vile hakuna abiria aliyeachwa kituoni. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na nitaifikia.

Tabia hizi zina historia. David MacKenzie alipoanza kuandika Autoconf, chombo cha kuandaa ujenzi wa programu, mwaka 1991, dunia ya Unix, familia ya mifumo endeshi ambayo Linux inaifuata, ilikuwa soko la wauzaji wengi, SunOS, HP-UX, AIX, Ultrix, kila mmoja na mpangilio wake wa saraka na kasoro zake. Hapakuwa na wa kumuuliza maktaba fulani iko wapi. Autoconf ikachagua kujaribu badala ya kuuliza. Hati ya configure, inayozalishwa na Autoconf, huandika kiprogramu cha mistari michache kinachoita kazi moja ya maktaba, tuseme deflate ya zlib, kisha hukikabidhi kwa kompaila na linka. Kikijengeka, maktaba ipo. Kisipojengeka, haipo, na kwenye skrini unasoma no.

Ni ujanja ambao naupenda mpaka leo, kwa sababu unapima kitu chenyewe na hauhitaji kusikia sifa zake. Lakini kiprogramu kinaweza kushindwa kujengeka kwa sababu chungu nzima. Huenda maktaba haipo kweli. Huenda heda ndiyo haipo, kama kwa kijana wangu. Huenda diski imejaa, au aliyeandika kipimo amekosea herufi moja. Configure huzichukua sababu zote hizo na kuzifanya neno moja, no. Undani umewekwa kwenye config.log, faili refu ambalo mtu hulifungua akiwa ameshakata tamaa.

Karibu na mwaka 2000, watu wa GNOME, waliotengeneza muonekano wa eneo-kazi la Linux, walikuwa wamechoshwa na kila maktaba kuja na kiprogramu chake cha kujieleza, gtk-config hapa, gnome-config pale. Ndipo ikaja pkg-config. Maktaba inaposakinishwa huacha barua fupi, kwa zlib inaitwa zlib.pc, inayosema nimewekwa chini ya saraka hii, toleo langu ni hili, unapokompaili ongeza hiki, unapounganisha ongeza -lz, na mimi mwenyewe nawategemea hawa. Anayejenga anaisoma barua na kuifuata. Udhaifu wake ni wa aina nyingine. Barua ikiwa mahali pasipo pa kawaida, tuseme chini ya /opt, pkg-config haiioni mpaka uitajie kwa PKG_CONFIG_PATH. Na ikiiona inaiamini moja kwa moja, haiendi kubisha hodi kuhakikisha kama kweli mwenyewe yumo. Nimewahi kukuta barua ya maktaba iliyofutwa zamani, na pkg-config ikaapa kwamba ipo.

CMake ilizaliwa wakati huohuo, katika kampuni ya Kitware, kwa ajili ya mradi wa picha za kitabibu uitwao ITK uliofadhiliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Mradi ule ulitakiwa ujengeke kwenye Windows na Unix pia, na Autoconf haikuwa rafiki wa Windows. Leo CMake imekuwa kama lugha ya biashara ya ulimwengu wa C++, na amri yake ya find_package ndiyo ninayoijua kwa machungu zaidi.

Amri hiyo ina njia mbili. Ya kwanza ni kumuuliza jirani: faili kama FindZLIB.cmake, linalokuja na CMake yenyewe, lililoandikwa na mtu ambaye si mwenye zlib, likikisia zlib kwa kawaida huwa wapi na heda yake inaitwaje. Ya pili ni kumuuliza mwenye nyumba: maktaba yenyewe, tuseme fmt ya kupanga maandishi, inasakinisha faili kama fmt-config.cmake, na pembeni yake faili jingine la kujibu maswali ya toleo. Usipoeleza vinginevyo, CMake huanza kwa jirani, na mwenye nyumba huulizwa jirani akiwa hayupo. Tangu toleo la 3.15 unaweza kuugeuza utaratibu huo. Kwa maoni yangu ulipaswa kuwa umegeuzwa tangu mwanzo, lakini zlib na wenzake wa zamani hawakuwa na desturi ya kuacha faili la namna hiyo, na CMake haikuweza kuwasubiri.

Kwenye njia ya mwenye nyumba ndiko kuna foleni ndefu ya mahali pa kupekua. Kwanza ulipotaja wewe mwenyewe, kupitia fmt_ROOT au CMAKE_PREFIX_PATH. Kisha vidokezo vya mwandishi wa mradi. Kisha, na hapa wengi hushtuka, PATH yako, ile orodha ya saraka inayotumika kutafuta amri za terminali. CMake huichukua kila saraka ya PATH inayoishia na bin, huikata hiyo bin, na kupekua kwa mzazi wake. Kisha rejista binafsi iliyomo kwenye ~/.cmake/packages. Saraka za mfumo, /usr/local na /usr, mahali ambapo wewe ulidhani itaanzia, zina zamu yake baada ya hayo yote.

Hiyo rejista nayo ina vituko. Zamani mradi uliotumia amri fulani uliweza kujiandikisha humo kwa kusanidiwa tu, bila kusakinishwa. Maktaba uliyoichezea miezi minane iliyopita kwenye folda ya Downloads ingeweza kuibuka leo ndani ya kazi ya mteja. Kuanzia 3.15, mwaka 2019, miradi inayofuata kanuni mpya haijiandikishi tena hivyo. Haikuwa mapema.

Mimi niliangushwa na PATH. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimesakinisha mkusanyo mkubwa wa Python wa watu wa takwimu, nao wakati wa kujisakinisha ukaongeza mstari kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila terminali inapofunguliwa, ulioweka bin yake mbele ya zote. Nilisahau. Baadaye nikajenga programu ndogo inayotumia fmt. Ikajengeka. Nikaijaribu, ikakimbia. Nikaisakinisha kwenye seva ya mteja yenye Ubuntu 24.04 kama yangu, na seva ikanijibu kwamba haioni libfmt.so.10. Nikaangalia: seva ilikuwa na libfmt.so.9, ileile inayokuja na Ubuntu hiyo. Ya kumi nimeitoa wapi?

Ilikuwa ndani ya ule mkusanyo wa Python. Ukikata bin ya mwanzo kwenye PATH yangu unafika kwenye saraka yake, na mle ndani, chini ya lib/cmake/fmt, palikuwa na barua halali kabisa ya fmt ya kumi. CMake ikaichukua, haikufika hata /usr. Na sababu ya programu kukimbia kwangu ni kwamba wakati wa kujenga CMake huandika ndani ya programu anwani kamili ya maktaba iliyotumika, na wakati wa kusakinisha huifuta. Kwa hiyo kosa lilijificha kwenye mashine yangu, mahali pekee ambapo ningeweza kuliona mapema.

Nikaurekebisha .bashrc, nikafungua terminali mpya, nikajenga upya. Libfmt.so.10 ileile! CMake ilikuwa imeshaandika jibu lake kwenye CMakeCache.txt, kwenye mstari wa fmt_DIR, na mstari huo ukiwepo na unafaa, foleni nzima ya kupekua inarukwa. Mfano wa shahidi aliyeshaandikisha maelezo polisi: ukimuuliza tena anakuonyesha karatasi. Dawa ni kulifuta faili hilo, au kutumia --fresh ambayo ipo tangu 3.24.

Uzembe ni wangu, sikatai. Lakini angalia jambo moja. Katika safari yote ile, toleo la CMake nililokuwa nalo halikuniandikia hata mstari mmoja wa kusema nimeichukua fmt kutoka hapa. Kwa njia ya mwenye nyumba, ilipopata, ilinyamaza. Chombo cha kuisemesha kipo, --debug-find, kilicholetwa na 3.17 mwaka 2020, na ukikiwasha kinakumwagia kila mahali kilipochungulia. Ni kutoka ububu kamili kwenda kelele za mnada. Mstari mmoja kwa kila maktaba, jina, toleo na saraka, ungeniokolea siku mbili.

Sasa ile tabia ya tatu.

Mwishoni mwa Machi 2024 Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia, akagundua mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana data iliyomo karibu kwenye kila Linux. Aliyeuweka alijiita Jia Tan na alikuwa amejijengea imani katika mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili. Kisa hicho kimesimuliwa sana, na sehemu kubwa ya usimulizi inahusu mlango wenyewe, ambao nao uliingizwa kupitia hati za mfumo wa kujenga. Kuna sehemu ndogo iliyozungumziwa kidogo, na kwangu ndiyo inayotisha zaidi.

Xz inaweza kujifungia ndani ya Landlock, kinga ya Linux inayoinyima programu ruhusa ya kugusa mafaili isiyoyahitaji. Si kila Linux inayo, kwa hiyo mfumo wa kujenga hupima kwanza, kwa ujanja uleule wa mwaka 1991: andika kiprogramu, jaribu kukijenga. Katika faili la CMake la xz, ndani ya kiprogramu hicho, Jia Tan aliongeza nukta. Nukta moja, mwanzoni mwa mstari, peke yake. Kwenye lugha ya C nukta mahali pale ni kosa la sarufi, kwa hiyo kiprogramu hakikuweza kujengeka popote duniani. Kila aliyejenga xz kwa CMake alipimiwa na kuambiwa Landlock huna. Xz ikajengeka salama, ikakimbia, bila kinga. Wasambazaji wakubwa wa Linux walitumia upande wa Autoconf, ambao haukuwa na nukta hiyo. Lasse Collin, mwenye mradi, aliikuta na kuiondoa baada ya sakata kulipuka.

Nimeutazama mstari ule mara nyingi. Ukiusoma haraka, jicho linadhani ni uchafu wa skrini. Aliyeuweka aliijua vizuri tabia ya mifumo yetu: kipimo kikishindwa hakuna anayepandwa na jasho. Kushindwa ni jibu halali. Hakuhitaji kuizima kinga. Alihitaji kuifanya ionekane haipatikani, na hilo hutokea kila siku kwa sababu za kawaida kabisa.

Watu wa Gentoo, aina nyingine ya Linux, ambao hujenga karibu kila kitu wenyewe, wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka na wana jina la kejeli kwa vitegemezi vinavyojiwasha na kujizima kwa kutegemea kilichokutwa kwenye mashine: wanaviita vya kimazingaombwe. Msimamo wao, na wangu, ni kwamba mtu aseme nataka au sitaka. Akisema nataka na kitu hakipo, ujenzi usimame hapohapo. Meson, mfumo mwingine wa kujenga, ilijifunza hilo mapema: kila kipengele cha hiari kinaweza kuwashwa, kuzimwa, au kuachwa kijiamulie, na msambazaji anaweza kuvilazimisha vyote vilivyoachwa vijiamulie kwa swichi moja. CMake nayo tangu 3.22 ina kigeu cha kuilazimisha find_package iwe na REQUIRED, neno la kusema bila hiki usiendelee, hata kama mwandishi wa mradi hakuiandika, ingawa lazima uitaje maktaba mojamoja kwa jina, na majina tumeshaona yalivyo.

Wapo wanaosema tuachane na kutafuta, kila mradi ushushe vitegemezi vyake wenyewe na kuvijenga ndani. CMake ina FetchContent kwa kazi hiyo. Nawaelewa, na kwa mradi mdogo ni raha. Lakini anayesema hivyo mara nyingi ana intaneti isiyo na kikomo. Kifurushi cha msimbo wa Boost, mkusanyo wa maktaba za C++, peke yake ni zaidi ya MB 100, na kila folda mpya ya ujenzi hukidai upya usipokuwa mwangalifu. Kwa mwanafunzi anayejiunga bando la siku, maktaba iliyoko tayari kwenye diski si jambo la kupuuza. Na kuna usalama. Mwaka 2022 zlib ilikutwa na kasoro ya kumbukumbu, CVE-2022-37434. Aliyekuwa akitumia zlib ya mfumo alipata marekebisho kwa sasisho moja. Aliyekuwa na nakala yake ndani ya kila programu alipaswa kwanza kujua anazo ngapi.

Wengine wanakimbilia Nix, mfumo wa kusimamia vifurushi, ambako hakuna /usr/lib ya kupekua na kila kifurushi kinakaa kwenye saraka yenye alama yake ya kipekee. Usichokitaja hakionekani. Eelco Dolstra alilifafanua wazo hilo katika tasnifu yake pale Utrecht mwaka 2006, na kwa nadharia ndilo jibu safi kuliko yote niliyoyagusa hapa. Nimejaribu mara mbili kulihamia. Mara zote mbili nimerudi Ubuntu kabla ya wiki kwisha, nikiwa na heshima kubwa na usingizi mdogo.

Kijana wangu nilimwandikia amri moja, apt install zlib1g-dev. Dakika tano baadaye akaleta picha nyingine. Mstari wa ZLIB sasa ulisema Found, na programu yake ilikuwa imefika asilimia 100. Nikamwambia hongera, nenda kalale.

Hakulala. "Kaka, samahani," akaandika, "huku juu kuna mingine minne inasema Could NOT find, ila yenyewe imeendelea tu. Na hiyo niiweke?"

Nikamwomba anitumie yote minne. Wa pili ulikuwa OpenSSL, maktaba ya kulinda mawasiliano.